Nairobi hadi New York: kwenda saa 15, kurudi saa 13?

Swali: Shikamoo mzee. Mama yangu ana miaka 68, anakaa Mombasa, na hajawahi kupanda ndege maishani. Kaka yangu aliyeko New Jersey amemkatia tiketi ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, akawaone wajukuu na afunge nao Ramadhani. Tiketi inasema anaondoka Ijumaa tarehe 16 Januari 2026 saa 23:55, anafika tarehe 17 saa 06:55. Kurudi ni baada ya Idi: Ijumaa tarehe 27 Machi saa 12:30, anafika Nairobi tarehe 28 saa 09:30. Nimehesabu kwa tofauti ya saa 8 nikapata saa 15 za kwenda na saa 13 za kurudi. Umbali si uleule? Mtandaoni nako kila mtu ana lake: huku 11,800, kule 7,300, pengine 6,400. Nilipoweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari ulipita Nigeria na Mauritania, lakini kaka anasema njia ni ya Algeria na Morocco. Mama anatumia dawa ya presha, na anauliza ataswali vipi alfajiri. Nimwambie nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali sita ndani ya moja, na mengi umeyauliza vizuri kuliko abiria waliokwisha kuruka mara kumi. Nilikaa miaka mingi kwenye meza ya kupanga safari za ndege, na nakwambia hesabu yako ina kosa moja tu. Kosa lenyewe ni la Wamarekani, si lako.

Safari ya kwenda umeipata sawasawa. Kutoka saa 23:55 hadi 06:55 ni saa 7 kwa kutazama saa ya ukutani; ongeza 8 za tofauti, ni 15. Ya kurudi ndiyo iliyokuponyoka. Sisi Afrika Mashariki saa zetu hazichezewi, mwaka mzima tuko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa 3. New York huwa nyuma yake kwa saa 5 wakati wa baridi, kisha Jumapili ya pili ya mwezi Machi husogeza saa zao mbele kwa saa moja na kukaa hivyo hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026 Jumapili hiyo ya Machi ni tarehe 8. Kwa hiyo mama akiondoka Januari tofauti ni 8, lakini akirudi tarehe 27 Machi tofauti imeshakuwa 7. Kutoka 12:30 hadi 09:30 ya kesho yake ni saa 21. Toa 7, unapata 14.

Basi ni 15 kwenda na 14 kurudi. Kati ya zile saa mbili zilizokuumiza kichwa, moja ilikuwa ya mishale ya saa. Iliyobaki ni ya upepo, nitaifikia.

Kuhusu umbali, wote uliowasoma wamesema kweli, ila kila mmoja kapima kwa kibaba chake. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy, kwa njia fupi kuliko zote, ni kilomita kama 11,840. Kwa maili za barabarani za Mmarekani ni karibu 7,360. Kwa maili za baharini, ambazo ndizo lugha ya mabaharia na marubani, ni karibu 6,390. Hii maili ya baharini haikutungwa ovyo. Ni mita 1,852, na inatokana na umbo la dunia: gawa duara zima la dunia kwa nyuzi 360, kila uzi kwa dakika 60, dakika moja ni maili moja. Kutoka Nairobi hadi New York ni nyuzi 106 na nusu za duara. Zidisha kwa 60 uone. Ndiyo maana tuliozoea kazi hii tulikuwa tukipata umbali kwa karatasi na kalamu kabla kompyuta haijawaka. Ukisoma tovuti, tafuta kwanza imeandika kipimo gani. Nyingi huandika "maili" tu, zikakuachia wewe ubahatishe.

Sasa rula yako. Nimefurahi ulivyoiweka, maana watu wengi hubishana bila hata kufungua ramani. Mstari wako umepita Jamhuri ya Afrika ya Kati, kaskazini mwa Nigeria, ukakata Mali na Mauritania, ukaingia baharini. Kwenye karatasi umenyooka kama wembe. Lakini dunia si karatasi. Ili kuitandaza ukutani, mchoraji amelazimika kuinyoosha na kuitanua, hasa kadiri anavyokwenda kaskazini na kusini, na ndiyo sababu Greenland inaonekana kubwa kama Afrika ilhali Afrika inaimeza mara 14.

Mwombe mwalimu wa jiografia tufe la dunia, lile la kuzungusha. Chukua uzi wa kushonea, bana ncha moja Nairobi, nyingine New York, kisha uvute ukaze. Uzi hauwezi kudanganya. Ukikaza, unatafuta wenyewe njia fupi. Utauona unaondoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, unapita karibu na Juba, unagusa pembe ya kusini ya Darfur nchini Sudan, unakata Chad na Niger, unavuka jangwa la Algeria kwa urefu, na unatokea Morocco usawa wa Marrakech. Halafu bahari. Katikati ya bahari unapita visiwa vya Azores vya Wareno, unaendelea kupanda hadi zaidi ya nyuzi 42 kaskazini, juu kuliko New York yenyewe, iliyoko nyuzi 40 na dakika 38. Ndege hufika kule ikiwa inateremka kutoka kaskazini-mashariki. Kaka yako yuko sahihi kabisa, ingawa nadhani hajui kwa nini.

Mstari huo huitwa duara kuu. Ukiilinganisha na njia ya rula, ile ya kushika mwelekeo mmoja wa dira tangu mwanzo hadi mwisho, rula inazidi kwa kilomita kama 350. Ni mafuta ya karibu dakika 25, na abiria 234 wamekaa wanasubiri.

Ila usimwahidi mama kwamba atapita juu ya Marrakech. Duara kuu ni njia ya hesabu. Njia ya siku yenyewe huchorwa saa chache kabla ya kuruka, na anayeichora hutazama mambo ambayo uzi wako hauyajui. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipolipuka Aprili 2023, na mashirika yakaanza kuizunguka. Mwaka huohuo, baada ya mapinduzi ya Niger, anga ya nchi hiyo ilifungwa tangu tarehe 6 Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba. Hebu tazama tena orodha ya nchi niliyokutajia: mbili kati yake zilifungwa ndani ya mwaka mmoja. Tena kila nchi hutoza ada ya kupita juu yake, na ada hazilingani. Na kuna mvua za radi za Afrika ya kati, ambazo hakuna rubani mwenye akili anayepita katikati yake kwa ajili ya kuokoa kilomita 80. Kwa hiyo mama ataruka kilomita 11,840 na kitu juu yake. Kitu hicho hubadilika kila usiku.

Tuje kwenye upepo. Wewe mtoto wa Mombasa nikueleze upepo? Umbali wa Maskati hadi Mombasa haujaongezeka tangu dunia iumbwe, lakini nahodha wa jahazi alikuja na kaskazi, akangoja miezi, akarudi na kusi. Hakuuliza maili ngapi, aliuliza upepo gani. Huko juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mito ya upepo inayokwenda kasi kutoka magharibi kwenda mashariki. Kaskazini mwa dunia hukaa zaidi kati ya nyuzi 30 na 60, na wakati wa baridi hupata nguvu na kushuka kusini. Kasi ya kilomita 160 kwa saa ni ya kawaida, na siku za ukali hupita 300. Mama akienda New York atakutana nayo usoni kuanzia Afrika ya kaskazini na juu ya Atlantiki. Akirudi itamsukuma mgongoni. Mabaharia wa kale wangesema kwenda ni pepo za omo, kurudi pepo za tezi. Tofauti ni kwamba rubani hangoji msimu ugeuke. Anachoma mafuta zaidi, basi.

Fanya hesabu hii na kalamu. Ndege ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways iliitumia ilipoizindua njia hii tarehe 28 Oktoba 2018, hutembea karibu kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Kilomita 11,840 kwa 900 ni saa 13 na dakika 10 hivi. Hiyo ni hesabu ya dunia isiyo na upepo, isiyo na foleni, ambamo ndege huzaliwa ikiwa angani. Sasa tuseme upepo wa mbele, kwa wastani wa safari nzima, unaila kilomita 60 kwa saa. Kasi juu ya ardhi inabaki 840, na saa zinakuwa 14 na dakika 6. Ongeza kutambaa uwanjani Nairobi, kupanda taratibu na mzigo wa mafuta, kuzunguka anga iliyofungwa, kushuka, na foleni ya kutua New York, uwanja ambao haujui utupu. Ile 15 ya tiketi inatimia bila mtu kudanganya. Akirudi, upepo uleule ukimwongezea kilomita 40 tu kwa wastani, kasi inakuwa 940 na muda wa hewani unashuka hadi saa 12 na dakika 36. Kwa nini basi tiketi inasema 14? Kwa sababu muda wa tiketi huanza ndege inapoachia geti na kuisha inapofika kwenye geti, si matairi yanapoondoka ardhini, na shirika huweka akiba ya dakika ili siku mbaya zisionekane mbaya. Usishangae mama akifika Nairobi nusu saa kabla ya wakati. Wanaokwenda kumpokea wasichelewe.

Najua kuna mdogo wako mmoja hapo nyumbani atauliza: dunia si inazunguka kuelekea mashariki, tena kilomita 1,670 kwa saa kwenye ikweta? Ndege ikipaa tu ikaning'inia, si New York ingekuja yenyewe? Mwambie akamate nzi amfungie ndani ya matatu. Matatu ikienda kwa kasi Barabara ya Nyali, nzi haachwi nyuma akagongana na kioo. Anaruka na hewa ya ndani, na hewa ya ndani inakwenda na gari. Hewa ya dunia nayo inazunguka na dunia. Inachofanya mzunguko ule ni kuipinda mikondo ya hewa inayotoka joto la ikweta kwenda baridi ya kaskazini, na kupinda huko ndiko kunakozaa ule mto wa upepo. Kwa hiyo mzunguko wa dunia unahusika kweli, ila unamchelewesha anayekwenda magharibi.

Jambo jingine la Nairobi, nalipita haraka. Uwanja uko mita 1,624 juu ya bahari, hewa yake nyepesi, na hewa nyepesi haibebi vizuri. Ndege yenye mafuta ya saa 15 tumboni inahitaji kukimbia sana kabla ya kuinuka, na njia ya kurukia pale ni zaidi ya kilomita 4. Usiku hewa hupoa na kuwa nzito, mambo yakawa nafuu. Mama akikuuliza kwa nini wanawasafirisha watu usiku kama bidhaa za magendo, sehemu ya jibu ni hiyo. Sehemu nyingine ni ya biashara: ukifika New York asubuhi unapata ndege za kuunganisha kwenda kote Marekani.

Majirani watakuja na ushauri wa bei. Watamwambia angepitia Doha au Amsterdam. Bei sijui, ila umbali nakupa. Kupitia Doha ni kilomita kama 14,120, zaidi ya 2,000 za ziada, kwa sababu unaanza kwa kwenda mashariki ilhali unakokwenda ni magharibi. Istanbul ni kama 12,830. Amsterdam, ambayo kwenye ramani ya ukutani inaonekana kama kupotea njia, ni kama 12,520 tu, haifiki 700 za ziada. Ndiyo kazi ya tufe tena. Lakini kinachoua katika safari za kuunganisha ni kukaa chini, saa 3, saa 6, kutafuta geti, kukaguliwa upya, na kwa mama wa miaka 68 asiyejua Kiholanzi wala Kiarabu cha Doha, mimi ningemlipia hii ya kaka yako hata ingekuwa ghali. Kaka yako anajua kumpenda mamake. Kagua tu kwenye tiketi kwamba idadi ya vituo imeandikwa sifuri. Neno "moja kwa moja" wengine hulitumia kwa safari yenye namba moja ya ndege hata kama inatua njiani kuteremsha watu.

Sasa naomba uniskilize hapa kuliko pote, kwa sababu upepo na duara kuu ni kazi ya rubani, lakini hili ni lako. Ni habari ya saa na siku.

Tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu za mzunguko wa 24. Mama yako, kama mama yangu, anahesabu saa tangu jua lichomoze. Saa 23:55 kwake ni saa sita kasoro dakika tano usiku. Saa 06:55 ni saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Hizo hazina hatari. Yenye hatari ni 12:30 ya kurudi, maana nimeona watu wazima wakiisoma "saa kumi na mbili na nusu" na kufika uwanjani jioni, ndege ikiwa imeondoka adhuhuri. Mwandikie kwa kalamu juu ya karatasi: saa sita na nusu mchana.

Kisha siku. Kwetu Pwani siku huanza jua likizama. Ukimwambia mama "unaondoka usiku wa Ijumaa", ana haki ya kuelewa Alhamisi baada ya magharibi, usiku ule wa kusoma Yasini. Kaka yako aliyekaa Marekani miaka mingi akisema "Ijumaa usiku" anataka kusema Ijumaa baada ya Isha. Hapo mmetofautiana siku nzima na kila mtu anadhani wameelewana. Sema hivi: Ijumaa akishaswali Isha, usiku wa kuamkia Jumamosi. Awe uwanjani saa tatu usiku. Na mjikague hivyohivyo kwa ndege yoyote inayoondoka dakika chache baada ya usiku wa manane. Nimewahi kuikuta familia nzima, masanduku sita na bibi harusi, imefika kwa furaha Jumapili usiku kwa ndege iliyoandikwa Jumapili saa 00:20. Ndege hiyo ilikuwa imeondoka karibu siku nzima kabla yao.

Alfajiri. Masuala ya fikihi, kuunganisha na kupunguza, kibla cha angani, nimwachie sheikh wenu wa mtaani. Mimi nakupa jua tu. Januari jua la Nairobi huzama kama saa moja kasoro dakika ishirini jioni. Mama ataondoka gizani, na ataelekea magharibi akilikimbia jua. Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa. Ndege ikishafika nyuzi 40 kaskazini hutembea kama nyuzi 10 kwa saa kuelekea magharibi. Kwa hiyo jua linamfukuza na kumkaribia, lakini polepole, nyuzi 5 tu kila saa. Matokeo yake, usiku wake utakuwa na urefu wa saa 20 na zaidi, tangu magharibi ya Nairobi hadi kuchomoza kwa jua la New York, ambako katikati ya Januari huwa kama saa moja na robo asubuhi. Atatua kabla ya jua.

Simu yake ikiwa na programu ya adhana iliyowekwa Mombasa, itaadhini saa kumi na moja na kitu, na wakati huo atakuwa juu ya jangwa la Algeria, nje giza totoro, bado usiku wa manane kwa watu wa chini. Asiifuate. Alfajiri ya kweli itamkuta juu ya Atlantiki, kwa makadirio yangu saa mbili au mbili na nusu kabla ya kutua, na weupe utaanzia nyuma, upande wa mkia. Atakuwa na muda wa kutosha, ila asingoje magurudumu yashuke, maana hapo atatakiwa afunge mkanda na asinyanyuke, na akitoka kuna foleni ya uhamiaji isiyojali kwamba jua linachomoza. Wahudumu wakiombwa mapema kwa heshima humwonyesha mtu nafasi nyuma karibu na jikoni. Akishindwa, ataswali kitini.

Dawa ya presha. Tuseme anameza saa mbili usiku kila siku. Saa hiyo hiyo ya Mombasa, New York ni saa sita mchana wakati wa Januari. Kumeza mbili karibu karibu au kuruka siku kwa sababu ya kuchanganyikiwa na saa ndiko kunakotia watu matatani. Ampelekee daktari wake ratiba hii yenye saa zote mbili, amwambie ameze lini siku ya safari na aendelee vipi akifika. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Sanduku likipotea litarudi kesho kutwa, presha haingoji. Na kwa saa 15 asikae kama mgeni wa heshima: kila saa moja au mbili anyanyuke atembee hadi nyuma na kurudi, anywe maji.

Atakuuliza kama atapumua huko juu. Ndani ya ndege hiyo hewa hubanwa iwe kama ya mlimani mita 1,800 hivi. Nairobi yenyewe ni 1,624. Kama atapumua Nairobi akingoja ndege, na huko juu atapumua.

Usimwambie habari za Azores kwa undani. Wewe ujue tu kwamba pale, kwenye kisiwa cha Terceira, kuna uwanja wa Lajes, na ndege za injini mbili zinazovuka bahari hupangwa zisiwe mbali kupita kiasi na uwanja wa namna hiyo. Agosti 2001 ndege ya Air Transat yenye watu 306, iliyotoka Toronto kwenda Lisbon, iliishiwa mafuta kwa sababu ya kuvuja, ikateleza hewani bila injini hata moja kama dakika 19 na kutua pale. Wote walitoka hai. Mimi habari hiyo hunituliza. Mama yangu ilimtia homa.

Kiti mwombee cha dirishani upande wa kushoto, herufi A, kwenda na kurudi. Kwenda hataona kitu mpaka mwisho, weupe wa alfajiri kwa nyuma na taa za Marekani kwa chini. Kurudi ndiko kuzuri. Ataondoka mchana, jua litazama baada ya kama saa nne tu kwa kuwa sasa yeye na jua wanapeana migongo, atalala juu ya Sahara, na kiasi cha saa mbili kabla ya kutua jua litatoka mbele kushoto. Wakianza kushuka juu ya Bonde la Ufa, aangalie huko huko kushoto, mbali. Mawingu yakiuacha, ataona Mlima Kenya.